Broncos walilipa milioni 9 ili Von Miller akachezee Rams, kuna mtu anielekeze hii hesabu?

mkazi_wa_aurora
Habari zenu wadau. Niko Aurora hapa jirani na Denver mwaka wa nne sasa, nimekulia kwenye soka, ila kazini kwetu ikifika Jumatatu hakuna stori nyingine zaidi ya Broncos, timu ya Denver kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwahiyo na mimi nikaanza kuifuatilia na sasa naipenda kweli. Mchezo wenyewe nimeshauelewa, kinachonishinda ni pesa. Juzi jamaa wawili pale kazini walibishana hadi break ikaisha, mmoja anasema mwaka 2021 timu ilimtoa Von Miller kwenda Rams ya Los Angeles HALAFU ikamlipa yenyewe dola milioni 9 kati ya milioni 9.7 za mshahara wake uliokuwa umebaki. Yaani umemtoa mchezaji wako, shujaa aliyekupa Super Bowl 50, ile fainali ya ubingwa, na bado unamlipa wewe? Kwetu timu ikiuza mchezaji si inapokea hela? Alafu naskia Russell Wilson, kotabeki wao (yule anayepanga mchezo na kurusha mpira), naye walimwacha 2024 na akaendelea kula hela yao miaka miwili. Hiki kikomo cha mishahara, kepu wanavyoiita, kinafanyaje kazi kwa hawa wakongwe?

baba_junior_columbus
Karibu sana ndugu yangu. Kwanza sahau kabisa ada ya uhamisho, NFL haipo. Timu zinabadilishana watu kwa watu, au mtu kwa nafasi za drafti, yaani haki ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Kwahiyo "bei" ya mchezaji ni nafasi za drafti.

Sasa kepu. Kila timu ina kiasi kilekile cha kutumia kwa mwaka, na hakuna tajiri wa kuvuka hata akiwa na mafuta nyuma ya nyumba. 2021 ilikuwa milioni 182.5, ilishuka kwasababu ya msimu wa korona viwanja vitupu, 2024 ikawa milioni 255.4. Ujanja uko kwenye bonasi ya kusaini. Tuseme mchezaji kapewa bonasi ya milioni 50 mkataba wa miaka 5, hela anapewa mkononi mapema ila kwenye daftari la kepu timu inaandika 10 kila mwaka. Ukimtoa baada ya miaka miwili, zile 30 ambazo hazijaandikwa zinabaki kwako, hazimfuati. Kinachomfuata mchezaji ni mshahara wake tu. Ndo maana mkongwe mwenye bonasi kubwa anakuwa mgumu kumtoa, unaandikiwa hela ya mtu ambaye hayupo na nafasi hiyo huwezi kumpa mwingine.

Ya Miller ni tofauti kidogo. Rams walikuwa wamebanwa, mwaka ule hawakuwa na nafasi ya maana kwenye kepu, wasingeweza kubeba mshahara wote. Broncos wakasema sisi tunaubeba, ila nyie mtupe zaidi, wakapewa nafasi ya raundi ya pili NA ya tatu za 2022. Kwahiyo zile milioni 9 hazikupotea, walinunulia drafti.

mwanapwani_MN
Mzee umeeleza vizuri ila kubali na hili, upande wa Rams ndo walicheka. Wamelipa kama laki saba hivi za dola, Miller akamwangusha Joe Burrow, kotabeki wa wapinzani wao Bengals, mara mbili kwenye fainali, wakachukua ubingwa 23-20. Mkongwe wa miaka 32 kwa nusu msimu, kombe kabatini. Hiyo ndo aina ya biashara ya mkongwe ninayoikubali mimi, ukiwa umebakiza mtu mmoja tu kufika mlimani. Timu inayojengwa upya ikinunua mkongwe inajimaliza.

baba_junior_columbus
Nakubali kabisa Rams walipata. Ila Denver pia hawakutoka mikono mitupu, ile nafasi ya raundi ya pili, namba 64, walimchukua Nik Bonitto, na 2024 akamaliza na sack (kumwangusha kotabeki kabla hajarusha) 13 na nusu kwa mshahara wa kijana. Pande zote mbili zimefaidika.

Wilson ndo msiba. March 2022 Seattle walimtoa Wilson kwenda Denver, wakapewa nafasi za drafti za raundi ya kwanza mbili, za pili mbili, ya tano moja na wachezaji watatu. Kabla hata hajacheza mechi moja Denver wakamwongezea mkataba wa miaka 5 wa zaidi ya milioni 240. HAPO ndo pabaya, sio kwenye kubadilishana. Kama wangesubiri waone anachezaje wangeachana naye kwa bei ya kawaida. Mwisho wa 2023 wakamweka benchi mechi mbili za mwisho maana akiumia milioni 37 za mwaka 2025 zinakuwa za lazima, kisha wakamwacha, milioni 85 zikaandikwa kwao, 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025.

dada_wa_nashville
Hamjambo. Nasoma kimya ila naomba niongeze ya kwetu maana inaniuma mpaka leo. Titans 2021 tulimchukua Julio Jones kutoka Falcons kwa raundi ya pili na ya nne, na mshahara wa milioni 15.3 tukaubeba WOTE. Nilifurahi nikanunua jezi. Alikuwa na miaka 32, misuli ya paja ikamsumbua, mechi 10, touchdown (bao) moja, mwaka uliofuata tukamwacha. Kwahiyo kaka wa Aurora ukisikia mkongwe anakuja usiulize tu ametoka na nafasi gani ya drafti, uliza mshahara uliobaki anaulipa nani, na kuna miaka mingapi mbele imeshaahidiwa. Miller alikuja na miezi michache tu ya mkataba, Julio alikuja na mshahara mzima.

mkazi_wa_aurora
Asanteni sana, aisee hii nimeielewa. Dada pole na jezi. Swali moja, nimesoma Julio alitoka mwezi wa 6, kwanini sio March wakati soko limefunguliwa?

baba_junior_columbus
Swali zuri. Ukimtoa mtu kabla ya tarehe 1 Juni bonasi yote iliyobaki inakuangukia mwaka uleule. Baada ya hapo inagawanyika, ya mwaka huu inabaki mwaka huu na zilizobaki zinahamia mwakani. Falcons walisubiri mpaka tarehe 6, zikaandikwa milioni 7.75 mwaka 2021 na 15.5 mwaka 2022 badala ya 23 kwa mpigo. Ukimwacha tu mchezaji unaruhusiwa kumwacha March na kuhesabiwa kama Juni, mpaka wawili kwa mwaka, ila kwa kubadilishana huo mlango haupo, lazima usubiri kweli.

mwanapwani_MN
Na Denver baada ya ile 85 waliokoka kwasababu ya Bo Nix. Kotabeki wa mwaka wa kwanza, mkataba wa miaka minne ambao wote haufiki milioni 20, ndo akabeba timu yenye shimo la 53 kwenye daftari mpaka ushindi 10 na vipigo 7 na playoffs (mechi za mtoano), mara ya kwanza tangu ule ubingwa wa Super Bowl 50. Kesho kazini waambie hao jamaa wawili waanzie hapo.