Buckingham Fountain, Chicago: twende saa ngapi, tusimame wapi?

Swali
Wakuu, tutapita Chicago katikati ya Juni na watoto wawili. Tunataka kuiona chemchemi ya Buckingham mchana na usiku na kupiga picha ya familia. Ule mrusho mkubwa wa maji unatoka saa ngapi? Kuna kiingilio?

Jibu 1
Hakuna kiingilio. Kwa kawaida maji huwashwa kuanzia Mei hadi katikati ya Oktoba. Mrusho huo mkubwa, wa katikati, hutoka kila saa kamili, unadumu kama dakika 20 na kufika mita 46. Ukifika nusu saa baada ya saa kamili utakuta maji ya chini tu, na hapo ndipo wengi huondoka wakidhani wameshaona kila kitu. Fikeni dakika 10 kabla.

Kwa usiku, Juni jua huzama karibu saa 2 na nusu, kwa hiyo onyesho la saa 2 bado lina mwanga. Subirini la saa 3: taa za rangi na muziki.

Kwa treni, shukeni kituo cha Jackson (laini nyekundu au ya bluu), tembeeni kuelekea ziwani mpaka mvuke Columbus Drive. Ni kama kilomita moja.

Jibu 2
Naongezea kuhusu picha. Bwawa la chini lina kipenyo cha mita 85, kwa hiyo hata ukigusa ukingo bado uko mita 43 kutoka kwenye mrusho. Ukipigia hapo itabidi uinamishe simu nyuma, na majengo yatatoka yamelala. Rudi nyuma mita 50 zaidi, shika simu wima, familia isimame karibu nawe na si karibu na maji.

Upande bora asubuhi ni wa mashariki, ziwa likiwa mgongoni: jua linaangaza maji na maghorofa nyuma yake, na mara nyingine upinde wa mvua hutokea kwenye manyunyu. Jioni upande huohuo jua linakupiga usoni.

Kabla ya kuchagua pa kusimama, tazama manyunyu yanaelekea wapi. Upepo ukitoka ziwani, upande wa magharibi wote unalowa, na lenzi yenye matone haifai tena. Beba kitambaa kikavu.

Usiku, ukiacha shata (sehemu ya kamera inayoruhusu mwanga kuingia) wazi muda mrefu, rangi zinazobadilika zinaweza kuchanganyika.

Muulizaji
Asanteni sana. Watoto wanaweza kuingia majini?

Jibu 1
Hapana, kuna uzio. Maji yenyewe, lita milioni 5.7 hivi, huzungushwa na pampu yaleyale, kwa hiyo wasiyanywe. Waonyesheni farasi wa baharini wa shaba: jozi nne, kila moja kwa jimbo linalopakana na Ziwa Michigan, yaani Illinois, Indiana, Wisconsin na Michigan.

Jibu 3
Mkisogeza safari hadi mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, angalieni kwanza tarehe za Lollapalooza, tamasha la muziki. Tamasha hilo huchukua Grant Park, bustani ilipo chemchemi, na asiye na tiketi hafiki kwenye chemchemi.