Nimemaliza kuandika mchezo wa sauti episodi 8, hela ya kuutengeneza inatoka wapi?

simulizi_za_usiku:
Habari zenu wakuu. Nina mwaka na nusu naandika hadithi ya kusikiliza, na sizungumzii kitabu cha mtu mmoja kusoma, ni mchezo kabisa, watu wanaongea, mlango unafungwa, mvua, nyayo, kama michezo ya redio ila itatoka kama podikasti. Episodi 8, kila moja kama dakika 25. Ni dada anayepokea simu za dharura zamu ya usiku, siku moja anapigiwa na kaka yake ambaye walishamzika. Wahusika jumla 11.

Sasa hela sina. Nina laptop na maiki moja ya USB basi. Nilikuwa nataka mwezi ujao nifungue mchango Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, niweke lengo la msimu mzima, rafiki yangu ananiambia nisithubutu. Halafu waigizaji nimewaambia nitawagawia asilimia ya mapato, hii ni sawa au nimekosea? Waliowahi kufanya naomba mnisaidie, hii stori naipenda mno siwezi kuiacha ilale kwenye folda.

fundi_mawimbi:
Mkuu hongera kwanza kwa kumaliza kuandika, wengi huwa wanaishia episodi ya pili.

Mimi kazi yangu ni kuediti sauti na nakwambia hela haiendi kwenye maiki, inaendea masaa. Kwangu dakika moja iliyokamilika, yaani maongezi yamesafishwa, nyayo zimewekwa, chumba kinasikika ni chumba, inanichukua karibu lisaa lizima, na tukio la vurugu la watu wengi ni zaidi ya hapo. Episodi zako 8 mara dakika 25 ni dakika 200, kwa hiyo andika masaa 200 ya kuediti peke yake kabla hujahesabu kurekodi. Ukiweka bajeti bila hicho kipengele utakwama episodi ya tatu na pesa za watu umeshakula.

Halafu hao wahusika 11 wapunguze. Sikio halina sura ya kushika, msikilizaji akisikia wanaume watatu wa umri mmoja kwenye tukio moja anapotea na hakuambii, anazima tu. Jaribu hivi, soma skripti kwa sauti mtu mwingine akusikilize akiwa amefumba macho, uone wapi anauliza "huyu nani tena".

Ila una bahati moja sijui kama umeiona. Stori yako nusu yake ni simu! Simu ya kawaida inapitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 hivi, kwa hiyo anayepiga unamkata besi, yaani sauti nzito za chini, na unamkata zile nyembamba za juu, hata akirekodi kwa simu yake nyumbani inakubalika, mwangwi wa chumba chake unakuwa ni sehemu ya tukio. Anayehitaji maiki nzuri na mahali tulivu ni huyo dada peke yake. Mrekodie kabatini katikati ya nguo au chini ya blanketi zito, ukuta mtupu ndio adui, maiki yako ya USB inatosha kabisa. Programu tumia Audacity, ni ya bure.

mama_jukwaa:
Mwanangu hapo kwenye asilimia ndipo nataka tuongee, maana nimeongoza waigizaji miaka mingi na nimeona urafiki ukifa kwa ajili ya hili. Mchezo mpya wa sauti kwa kawaida hauingizi kitu msimu wa kwanza, sasa asilimia ya kitu ambacho hakipo ni nini? Mwigizaji anakupa siku yake, anarudia mstari mara kumi analia kweli, halafu miezi sita baadaye anakuuliza vipi unamwambia bado. Afadhali umwambie ukweli mapema: nina kiasi hiki kidogo kwa kila episodi, nalipa siku ya kurekodi. Kama huna hata hicho, mwambie ni kujitolea na umpe uhuru wa kukataa bila kununa.

Na muandikiane. Ukurasa mmoja unatosha ila usikosekane. Sauti yake itatumika wapi na mpaka lini, atarudi kurekodi marekebisho mara ngapi bila malipo mengine, jina lake litatajwa wapi, na stori ikija kununuliwa iwe filamu je yeye ana chochote au hana. Siku hizi ongeza na kwamba sauti yake haitaingizwa kwenye akili bandia kutengeneza maneno ambayo hakuyasema, waigizaji wengi wanaogopa hilo na wana haki ya kuogopa. Na wewe mwandishi kama kuna mtu mliandika naye hata episodi moja, huyo ndio umalizane naye wa kwanza.

kapu_la_mchango:
Rafiki yako yuko sahihi kuhusu mwezi ujao. Kickstarter ni yote au hakuna, usipofikia lengo hupati hata senti, ukifikia wanakata asilimia 5 na juu yake kuna makato ya malipo. Na hawapokei waanzishaji wa kila nchi, angalia hilo kabla hujapiga hata picha moja ya tangazo.

Lakini shida yako kubwa ni kwamba hakuna anayeujua mchezo wako. Wachangiaji wa mwanzo wote ni watu ambao tayari wanakupenda wewe au wanapenda ulichokwisha wasikilizisha, mtu asiyekujua hachangii skripti. Mimi nilichangisha na trela ya dakika mbili tu, nikafika lengo kwa tabu sana, halafu nikaahidi fulana na vikombe, gharama za kutuma zikanimeza pesa ya episodi mbili nzima. Mpaka leo inaniuma. Zawadi ziwe vitu visivyosafirishwa, skripti ya PDF, jina kutajwa mwishoni, kusikiliza mapema, mpigaji simu mmojawapo apewe jina la mchangiaji mkubwa, kwa stori yako hiyo inakaa vizuri kabisa.

Kuna pia njia ya mchango wa kila mwezi, Patreon na zinazofanana nayo, ila hizo zinamfaa anayetoa kitu mfululizo, ukikaa kimya nusu mwaka kati ya misimu watu wanaondoka. Wale wa mchezo wa podikasti Welcome to Night Vale walianza 2012 na episodi zao bure, pesa zikaja baadaye kupitia michango ya wasikilizaji, bidhaa na maonyesho ya jukwaani. Wasikilizaji walitangulia.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningetengeneza episodi ya kwanza nzima kwa hela yangu, vizuri kadri ninavyoweza, niiachie bure, nikusanye barua pepe za watakaoipenda, ndio nichangishe za 2 mpaka 4. Siyo msimu mzima.

fundi_mawimbi:
Naongezea jambo moja nilisahau. Milio ya bure ya tovuti ya Freesound soma leseni ya kila faili. Ya CC0 tumia utakavyo, ya BY lazima umtaje mwenyewe, ya NC usiguse kama unapanga kuingiza pesa. Weka orodha kuanzia mlio wa kwanza, kuja kutafuta asili ya milio 300 mwishoni ni mateso.

simulizi_za_usiku:
Asanteni sana, mama shikamoo na nimekuelewa, jana usiku nimewapigia waigizaji wote nikawaeleza ukweli, wawili wamejitoa kwa amani na wengine wamekubali malipo madogo kwa episodi ya kwanza. Kusema kweli nimelala vizuri.

Wahusika wamebaki 6. Msimamizi wa zamu na yule mlinzi nimewaunganisha wakawa mtu mmoja na tukio limekuwa kali kuliko mwanzo. Ile ya simu nimeijaribu kwa kaka, nikamkata besi kama ulivyosema fundi, halafu kwenye mstari wake wa mwisho nikamrudishia sauti nzima ghafla, kana kwamba yuko chumbani na dada yake. Nilisikiliza na hedifoni nikavua nikaangalia nyuma yangu. Jumamosi tunarekodi.