Klabu ipi kwa binti wa kidato cha kwanza: Skauti, mdahalo au mazingira?

MamaGungu: Wakuu habari za jioni. Binti yangu kaanza kidato cha kwanza hapa Kigoma mjini. Shule imetoa fomu: kila mwanafunzi klabu moja tu, irudi Jumatatu na saini ya mzazi. Zipo Skauti, mdahalo, Roots & Shoots ya mazingira na ya wapinga rushwa. Ipi ina faida?

Mgebuka_Mkavu: Bweni au kutwa? Klabu ikiisha saa 11 na nusu, mtoto wa Mwandiga anafika kwao giza.

Katubuka1: Na bajeti hujasema. Skauti kuna sare, skafu, mkanda, bado kambi.

MamaGungu: Samahani, ni kutwa. Bajeti ndogo, ila nikiona faida nitajibana.

SkautiWaZamani: Skauti, tusizungushane. Nimevaa skafu tangu darasa la nne. Huduma ya kwanza, kufunga mafundo, kuwasha kuni mbichi mvua inanyesha, yote nilijifunza huko. Mwanzilishi Baden-Powell mwenyewe mwaka 1907 aliwapeleka vijana kambini kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, hakuwakalisha darasani kuwasomea notsi.

BintiUjiji: Mama, uliza kwanza msimamizi ni nani. Mwanangu nilimlipia 40,000 ya kambi ya siku tatu, mbali na sare. Wakapakiwa kwenye fuso Ijumaa mchana, tukaambiwa kila kitu kipo. Usiku mvua ikashuka, hema moja likang'oka, watoto wakajibana mle lililobaki. Mwalimu? Alisharudi mjini jioni ile ile, kawaachia viranja wa kidato cha tatu. Wali na maharage tuliochangia hawakuuona, ni ugali na dagaa wa kuhesabu. Mwanangu karudi Jumapili na kiatu kimoja, Jumatano tuko hospitali, malaria. Nilipokwenda kudai risiti nikajibiwa mchango haukatiwi risiti. Ile skafu nafungia mlango wa banda la kuku mpaka leo. Hiyo klabu ya wapinga rushwa ianze na michango ya kambi!

SkautiWaZamani: Pole sana dada. Ila hilo ni kosa la mwalimu, kanuni za Skauti haziruhusu.

BintiUjiji: Kaka yangu, mwanangu hakulala kwenye kanuni, alilala kwenye tope.

Ticha_Kasulu: Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu. Kama binti katoka shule ya msingi ya Kiswahili, masomo karibu yote sasa yamegeuka Kiingereza, na mdahalo utamfungua mdomo. Kasoro yake ni kwamba wanaosimama kuongea ni wale wale watano, waliobaki kazi yao makofi. Na mada ni zile zile tangu enzi zangu, mkulima ni bora kuliko daktari. Akachungulie Ijumaa moja kabla hujasaini.

Mgebuka_Mkavu: Mnaiacha Roots & Shoots wakati ni ya kwetu, imeanzia Gombe hapo!

Katubuka1: Haikuanzia Gombe. Mtafiti Jane Goodall alifika Gombe 1960 kuchunguza sokwe. Roots & Shoots ni ya 1991, Dar es Salaam, alianza na wanafunzi 12 barazani kwake.

Mgebuka_Mkavu: Sawa profesa. Bila sokwe wa Gombe hao 12 angewasimulia nini? Ya Kigoma hiyo.

Baba_Simbo: Wangu yumo mwaka wa pili, sokwe hajamwona hata mmoja, na boti za Gombe anaziona kila siku pale Kibirizi. Kazi yao kumwagilia miti. Ilikauka yote likizo ya Juni, nani abaki shuleni na ndoo?

MamaGungu: Jamani, nilisahau. Mwenyewe anataka netiboli, ila kwenye fomu haipo.

Katubuka1: Kumbe mtoto ana lake! Ungeanzia hapo.

Ticha_Kasulu: Netiboli inakaa upande wa michezo, mama. Aende mazoezini, akiiva atachaguliwa timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Klabu achague pia, mradi siku zisigongane. Ratiba inasemaje?

MamaGungu: Sijaiuliza.

Mgebuka_Mkavu: Baba Simbo, wangepanda michikichi basi, shule ingeuza mawese.

Baba_Simbo: Ipi? Dura yetu ya kienyeji kokwa nene, nyama kiduchu. Wachukue aina bora, Tenera, pale kituo cha utafiti cha TARI Kihinga.

SkautiWaZamani: Mimi niliotesha mbegu za Tenera ya jirani, bure tu.

Baba_Simbo: Ulikosea hapo! Tenera ni chotara wa Dura na aina nyingine, Pisifera. Ukiotesha mbegu zake unapata mchanganyiko, mingine inarudi Dura. Lazima ununue miche.

MamaGungu: Wapendwa, fomu ni Jumatatu.

Mgebuka_Mkavu: Tunakuja mama. Baba Simbo, mche wanauza shilingi ngapi?