Mtoto wangu anakaribia kuanza kula, nami sili chochote kitokacho kwa mnyama: nimlishe nini?

MamaIlham, Bububu

Assalamu alaykum. Binti yangu atatimiza miezi sita mwezi ujao, na mpaka sasa hajaonja kitu isipokuwa ziwa langu. Mimi niliacha nyama, samaki, mayai, maziwa na asali kabla sijaibeba mimba yake, kwa sababu nimekinai kwamba naweza kuishi bila ya kumchinja wala kumkama mnyama. Mume wangu, ambaye mwenyewe anakula samaki, amekubali mtoto alelewe kwa chakula changu kwa sharti moja tu, kwamba asidhoofike, na sharti hilo nimelipokea kwa moyo wote, maana hata mimi sitaki imani yangu igharimiwe na mwili wa mtoto.

Mama mkwe, ambaye ndiye atakayebaki naye nitakaporudi kazini, ana wasiwasi mkubwa. Yeye amelea watoto wake kwa uji wa maziwa ya ng'ombe, kiini cha yai na changu aliyetolewa miba, na ananiuliza, kwa haki kabisa, nitaweka nini mahali pa vitu hivyo. Nilimjibu kwamba nitampa tui la nazi, choroko na mboga za majani, lakini nimeona kwamba jibu hilo halikumridhisha, na nikilifikiri vizuri haliniridhishi mimi pia. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni kitu gani hasa ambacho mimea haiwezi kumpa mtoto, na kama tui linaweza kushika nafasi ya maziwa. Tena naomba kujua kama mwani, ambao watu wanausifu kuwa una kila aina ya madini, unafaa kwa umri huu. Jirani yangu naye amenishauri ninunue dawa ya maji ya kuongeza damu nianze kumpa mapema, nami nimesita mpaka nipate maelezo.

Muuguzi Mstaafu, Mkoani

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Nimefanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi hapa Pemba, na ningependa tuanze na wewe kabla ya mtoto, kwa sababu hatari ya kwanza haiko katika bakuli lake, iko katika ziwa lako. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwa kula vitu vitokanavyo na wanyama. Hakuna jani, kunde wala tunda linaloweza kutegemewa kuitoa. Mtu mzima aliyeviacha vyakula hivyo huweza kuishi kwa akiba iliyomo katika ini lake, hata kwa miaka, bila ya kuona dalili yoyote, lakini maziwa ya mama aliyepungukiwa na B12 nayo huwa yamepungukiwa, na mtoto mchanga hana akiba ya kumvusha. Kwa mtoto dalili huonekana mara nyingi baina ya mwezi wa nne na wa kumi: hulegea viungo, huacha kucheka hali alikuwa akicheka, husahau kukaa au kushika vitu alivyokwisha kuvijua, hukataa chakula, uzito wake husimama, na viganja na midomo yake hupauka. Akitibiwa, damu yake hurudi, lakini ubongo uliokwisha kudhurika si kila mara hurudia hali yake yote. Tena ujue kwamba kunde na mboga za majani zina vitamini nyingine, foleti, kwa wingi, nayo huweza kuuficha upungufu wa damu (anemia) uletwao na ukosefu wa B12 huku neva, yaani mishipa ya fahamu, zikiendelea kuharibika, kwa hiyo mtoto kuonekana ana damu ya kutosha si ushahidi kwamba B12 anayo.

Kwa hiyo nakuuliza mimi: je, unameza B12? Kama humezi, usisubiri mtoto atimize miezi sita, bali nenda hospitali wiki hii, umweleze daktari waziwazi vitu usivyovila, akupime, aamue kama unahitaji sindano au vidonge, na mtoto naye aangaliwe. Mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 2.8 kwa siku, mtoto wa miezi 7 hadi 12 mikrogramu 0.5, na wa mwaka mmoja hadi mitatu mikrogramu 0.9. Viwango hivyo ni vidogo, lakini kwa mara moja utumbo hupokea vizuri kiasi cha mikrogramu moja na nusu au mbili tu, na kinachozidi hapo hupotea karibu chote, ndiyo maana vidonge hutengenezwa kwa kiasi kikubwa zaidi. Katika maduka ya dawa utapewa upesi vile vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 ambavyo watu humeza kwa ganzi ya miguu. Usivitumie kila siku kwa uamuzi wako mwenyewe, na mtoto usimpe kabisa, kwa kuwa B6 iliyomo ni nyingi mno, na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva. Omba B12 iliyo peke yake.

Mwani wa Paje na Jambiani una faida zake, lakini kwa jambo hili usiutegemee. Kile kinachopimwa ndani yake kama B12, kwa sehemu kubwa, ni kitu kinachofanana nayo ambacho mwili wetu hauwezi kukitumia, na madini joto yaliyomo hutofautiana sana baina ya aina moja na nyingine. Madini joto mtoto ayapate kupitia ziwa lako, nawe uyapate katika chumvi iliyotiwa madini hayo. Chakula cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka hakitiwi chumvi.

Sitakuficha kwamba wataalamu hawakubaliani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, linataka nyama, samaki au mayai viliwe kila siku. Madaktari wa Ulaya wa lishe ya watoto walisema mwaka 2017 kwamba mlo wa mimea mitupu ufuatwe tu chini ya uangalizi wa daktari na mtaalamu wa lishe, pamoja na B12 ya kuongezwa. Wataalamu wa lishe wa Marekani, mwaka 2016, waliukubali hata kwa watoto wachanga iwapo umepangwa vizuri. Kuhusu B12, hata hivyo, hao wote kauli yao ni moja.

Wa Hurumzi

Dada, mimi natoka katika familia ya Kihindu ya Mji Mkongwe, na katika nyumba yetu haijapata kupikwa nyama wala yai tangu enzi za mababu. Watu husema, "Waangalieni Wahindi, mbona watoto wao wanakua?" Nakuomba usiitegemee hoja hiyo, kwa sababu sisi tulilelewa kwa maziwa, mtindi na samli kila siku, na humo ndimo ilimokuwa B12 yetu na chokaa (kalsiamu) ya mifupa yetu. Wewe umeviacha hivyo pia, basi njia yako ni nyembamba kuliko yetu na inataka hesabu zaidi.

Kuhusu tui, ni chakula kizuri mno cha kutia katika chakula kingine, kwa sababu lina mafuta, na tumbo la mtoto ni dogo: akijazwa maboga na mboga za majani peke yake hushiba kabla hajapata nguvu za kutosha. Lakini tui halina protini wala kalsiamu ya kutosha kuitwa maziwa, na maji ya mchele au maziwa ya karanga ya kutengeneza nyumbani hayana pia. Maziwa ya mtoto wako ni yako mwenyewe, na kama dini yenu inavyoelekeza miaka miwili kamili, endelea. Ikitokea ukashindwa kunyonyesha kabla hajatimiza mwaka, kinachofaa ni maziwa ya kopo ya soya yaliyotengenezwa mahususi kwa watoto wachanga, si maziwa ya soya ya kunywa watu wazima. Bei yake ni kubwa na hayapatikani kila duka, kwa hiyo jambo hilo litazamwe mapema.

Bibi wa Makunduchi

Mjukuu wangu, ingekuwa shauri langu ningempa samaki, na hilo nalisema wazi ili usije ukadhani nakubaliana nawe kwa kila jambo. Kisiwa hiki kimetulea kwa bahari. Lakini mtoto ni wako, na kumpikia najua, basi sikiliza.

Choroko ziloweke usiku kucha, umwage maji, uzifunike kwa kitambaa kibichi mpaka zichipue kidogo, kisha uzimenye maganda na uzipike na mchele mpaka zivurugike kabisa. Huo ndio mseto, na mwishoni utie tui zito. Kwa mtoto wa miezi sita upondwe laini, lakini uwe mzito usiomwagika kwenye kijiko, maana uji mwepesi hujaza tumbo tu. Siku nyingine mpe mbaazi, kunde au fiwi zilizotolewa maganda, siku nyingine viazi vitamu au shelisheli lililopondwa pamoja na ufuta uliokaangwa na kutwangwa mpaka utoe mafuta. Kila mlo mpe na tunda kali kidogo, pera au chungwa au embe, kwa sababu muuguzi mmoja alitufundisha kwamba ndilo linaloufungua mwili upokee chuma cha kunde. Chai usimpe kabisa, hata ya kuchovyea mkate, kwani huzuia hicho chuma.

Kisamvu kitwangwe kwenye kinu mpaka kilainike na kichemshwe sana bila ya kufunikwa, kwa sababu kibichi kina sumu. Karanga zisage ziwe laini kama siagi; nzima humpalia mtoto mpaka awe mkubwa wa miaka mitano hivi. Na masika yanapoingia zichague moja moja, kwa sababu unyevu huzitia ukungu wenye sumu ambao kuzikaanga hakuuondoi. Sumu ya namna hiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na karanga nazo zinashikwa na ukungu huo huo.

Mwambie mkweo aje jikoni mpike pamoja. Hatakataa kitu alichokishika mwiko mwenyewe.

Baba Twaha, Wete

Dada, jirani yako ana nia njema, lakini dawa ya kuongeza damu ina historia yake hapa hapa Pemba. Kuanzia mwaka 2002 watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 walishirikishwa katika utafiti mkubwa ambamo baadhi yao walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwezi wa Agosti 2003 kutolewa kwa chuma kulisimamishwa, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa walikuwa na hatari ya kuugua vibaya mpaka kulazwa, au kufariki, iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Wakati ule malaria ilikuwa imeenea mno. Watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu, na ambao malaria yao ilipimwa na kutibiwa ipasavyo, wao chuma kiliwasaidia. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mahali penye malaria chuma kitolewe pamoja na hatua za kuizuia, kuipima na kuitibu.

Leo malaria imepungua sana katika visiwa vyetu, na sisemi kwamba chuma ni sumu. Mahitaji ya mtoto wa miezi 7 hadi 12 ni makubwa, kiasi cha miligramu 11 kwa siku, akiba aliyozaliwa nayo inakaribia kumalizika sasa, na chuma cha mimea hupokewa na mwili kwa uchache kuliko cha nyama, kwa hiyo binti yako huenda akakihitaji. Ninachosema ni kwamba apimwe kwanza. Hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 10.5 kwa desilita katika umri wa miezi 6 hadi 23, huo ni upungufu wa damu, na daktari ataandika kiasi kulingana na uzito wake. Akianza kutembea avae viatu, kwa sababu minyoo ya safura huingia kupitia nyayo na kunyonya damu ile ile mnayohangaika kuiongeza.

MamaIlham, Bububu

Nimewashukuru sana nyote, na Bibi, maneno yako nimemsomea mama mkwe naye amesema choroko za kuchipua alikuwa akipikiwa na mama yake. Bi Muuguzi, vidonge vya B12 peke yake nilianzishiwa na daktari nilipokuwa na mimba, na bado nameza kila siku. Je, mtoto naye anahitaji vyake, au vyangu vinatutosha sote wawili? Na matone ya vitamini A ya kliniki, ambayo hutolewa katika vile vidonge laini vya jelatini, nimpe?

Muuguzi Mstaafu, Mkoani

Alhamdulillahi, umeniondolea hofu kubwa. Maadamu unameza na mtoto ananyonya ziwa tupu, maziwa yako yanamtosha. Atakapoanza kula na kupunguza kunyonya, na hasa utakaporudi kazini, mwombe daktari amwandikie matone yake mwenyewe, ambayo ataendelea nayo maadamu anakula mlo huu, wala si kwa mwaka wa kwanza tu. Muulize na kuhusu vitamini D, kwa sababu watoto wengi siku hizi hawatolewi juani, na kiasi kinachopendekezwa kwa mtoto anayenyonya ni uniti 400 kwa siku.

Matone ya vitamini A yasikupite. Mhudumu hukikata kidonge na kumkamulia mtoto mafuta yaliyomo kinywani, ganda la jelatini halimezwi.

Maziwa utakayoyakamua kabla ya kwenda kazini hukaa nje saa nne iwapo joto halizidi nyuzi 25, na joto letu la Januari linazidi hapo, basi yatie katika friji mara moja, ambamo hukaa mpaka siku nne, na mkweo amnyweshe kwa kikombe kilichochemshwa. Siku ya kupima uzito nendeni wote wawili, ili mkweo auone mwenyewe mstari katika kadi ya mtoto na aelezwe maana yake. Mstari ukilala mara mbili mfululizo, au mtoto akaanza kulegea hata kama uzito unapanda, msisubiri tarehe ya kliniki inayofuata.