Mjadala: Je, mateso ya asiye na hatia yanamkomboa mtu yeyote?

Mleta mada:
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, kwa sababu linagusa imani na linagusa maiti za watu.

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, bomu lililotegwa na wabaguzi lililipuka katika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 mjini Birmingham, Alabama, Marekani. Wasichana wanne weusi waliokuwa chumba cha chini wakijiandaa kwa ibada waliuawa. Watatu walikuwa na miaka 14, mmoja 11. Dirisha moja la vioo vya rangi lenye picha ya Yesu halikuanguka, ila uso wake ulitoboka. Siku tatu baadaye Martin Luther King alihubiri kwenye mazishi ya watatu kati yao. Alisema mateso yasiyostahili hukomboa, na kwamba damu ya watoto hao huenda ikauletea nuru mpya mji ule wenye giza.

Je, Mkristo anaweza kusema hivyo?

Mimi nasema hapana, ingawa namheshimu King na najua alikuwa akiwafariji wazazi waliovunjika moyo. Walioanzisha teolojia ya ukombozi wa watu weusi waliliona tatizo hili mapema. James Cone, mwanateolojia mweusi, mtoto wa Bearden, Arkansas, aliandika kuanzia 1969 kwamba wokovu hausubiri mbinguni: Mungu aliyewatoa Waisraeli Misri yuko upande wa mweusi anayekandamizwa, leo, hapa duniani. Mwaka 2011 akaandika kitabu kizima akiuweka msalaba kando ya miti ambayo makundi ya watu weupe yaliwanyongea weusi. Yesu, alisema, alinyongwa kama wao: hadharani, kwa kudhalilishwa, watu wakitazama. Humo humo alikataa kwamba mateso yenyewe yana wema wowote wa kuokoa.

Delores Williams, mwanateolojia mwanamke mweusi wa Marekani, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha 1993 alimchukua Hajiri, mtumwa wa Kimisri aliyelazimishwa kumzalia Sara mtoto, akasema huyo ndiye mwanamke mweusi wa Marekani: aliyenyonyesha watoto wa wengine huku wa kwake wakilia, ambaye mwili wake ulitumika kwa niaba ya mwingine bila kuulizwa. Ukimhubiria mwanamke huyo kwamba kuteseka badala ya mwingine ndiko utakatifu, umembariki aliyemtumikisha. Kwa Williams, Yesu anaokoa kwa jinsi alivyoishi, akiponya, akilisha, akiwainua waliolala chini. Kumuua ilikuwa dhambi ya waliomuua.

Nipo upande wake. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mtumishi wa madhabahuni, na kwa upendo nasema umepotoka. Isaya 53 inasema "kwa kupigwa kwake sisi tumepona". Paulo anafurahia mateso yake kwa ajili ya kanisa, Wakolosai 1:24. Ukiondoa damu umebakiwa na mwalimu mwema tu, na walimu wema wako wengi. Historia nayo inakupinga. Baada ya Birmingham Marekani iliamka, Sheria ya Haki za Kiraia ikapita 1964. Na Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi 1955, je, kifo chake hakikuwasha harakati zote zile? Damu ilifanya kazi, ndugu.

Mleta mada:
Mtumishi, nashukuru kwa kumtaja Till, maana hapo ndipo hoja yako inapoanguka.

Mwili wa kijana yule ulitolewa mtoni umefungwa feni nzito ya mashine ya pamba kwa waya wa miiba shingoni. Alitambuliwa kwa pete ya marehemu baba yake yenye herufi L.T. Wakubwa wa Mississippi walitaka azikwe upesi na sanduku lisifunguliwe. Mama yake, Mamie, alikataa. Aliurudisha mwili Chicago, akalifungua jeneza, akaruhusu picha zipigwe, na maelfu kwa maelfu wakapita kuuona ule uso. Baraza la wazee wa mahakama, wote wanaume weupe, lilichukua dakika 67 kuwaachia wauaji. Miezi michache baadaye wauaji hao walisimulia walichofanya kwa jarida, kwa malipo.

Sasa niambie, ni nini kilichofanya kazi pale? Kama ni damu, wapo weusi zaidi ya 4,400 waliothibitishwa kuuawa na makundi ya watu weupe kati ya 1877 na 1950. Damu hiyo yote haikutosha kulipatia taifa lile hata sheria moja ya shirikisho dhidi ya mauaji hayo. Sheria ilisainiwa Machi 2022, nayo ina jina la Till. Kilichofanya kazi 1955 ni mama aliyekataa sanduku lifungwe, na watu waliokataa kunyamaza baada yake. Tukikisifu kifo tunampa muuaji heshima ya mama.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mwanamke na nimekaa kanisani maisha yangu yote. Nimesikia kwa masikio yangu mama aliyevimba jicho akiambiwa na wazee wa kanisa, "Huo ndio msalaba wako, mwanangu, ubebe." Akarudi nyumbani kwa mume yule yule. Mtumishi, hizo aya ulizonukuu ndizo alizosomewa. Sijamsoma huyo Williams lakini namjua Hajiri anayemsema.

Mchangiaji wa tatu:
Hii teolojia haituhusu. Profesa John Mbiti, Mkenya mwenzetu, alishaandika 1974 kwamba ya weusi wa Marekani inatokana na uchungu wa ukandamizwaji, ya kwetu Afrika inatokana na furaha ya imani. Tusiazime vidonda vya watu.

Mleta mada:
Mbiti namheshimu, lakini hapo alikosea. Wakati huo huo vijana wa Afrika Kusini, akina Steve Biko, walikuwa wakiitumia teolojia hiyo dhidi ya makaburu, na ilipofika 1985 wanateolojia kule wakaandika waraka wa Kairos wa kupinga ubaguzi wa rangi. Na msome mchangiaji wa pili hapo juu. Hajaazima kidonda cha mtu.

Mtumishi, nisikusahau. Howard Thurman, mwalimu wa kiroho aliyesomwa sana na King, alikuwa akimsomea Biblia bibi yake aliyezaliwa utumwani. Bibi hakutaka asomewe nyaraka za Paulo, isipokuwa mara chache ile sura ya upendo. Alipokuwa mtumwa, mhubiri wa bwana wake aliwarudia na "Enyi watumwa, watiini" na kuwaambia ni mapenzi ya Mungu. Akaapa kwamba akija kujua kusoma na uhuru ukaja, hatasoma maneno hayo. Huyo naye alikuwa Mkristo, tena wa kufa na kupona.

Mchangiaji wa kwanza:
Nakubali jambo moja: anayenufaika na mateso ya mwenzake hana haki ya kuyahubiri. Lakini aliyeteswa mwenyewe akisema mateso yangu hayakwenda bure, Mungu aliyatumia, wewe ni nani umkatalie? Watumwa waliimba msalaba mashambani bila kulazimishwa. Charleston, Marekani, 2015, watu weusi tisa waliuawa na mbaguzi mweupe kwenye funzo la Biblia kanisani, na siku mbili baadaye jamaa zao wakamwambia muuaji mahakamani, "Nakusamehe." Utawaambia wamekosea?

Mleta mada:
Siwezi, wala sitaki. Ushuhuda wa aliyeteswa ni mali yake, na wale waliosamehe walisema kwa imani yao kamili. Ninachokataa ni kilichofuata: watu ambao hawakufiwa waliugeuza msamaha ule kuwa kipimo cha Mkristo mweusi mwema. Mama mmoja aliyeuawa pale aliacha mabinti. Mmoja alimsamehe muuaji siku ile ile mahakamani. Dada yake alichukua miaka, akasema hadharani kwamba bado. Mtumishi, wote wawili wakija kanisani kwako Jumapili, utamsifu yupi madhabahuni, na yule mwingine utamwambia nini?