Mrejesho: Yule kipa aliyekosa usingizi baada ya kugongwa kichwa

Wakuu, wiki tano zilizopita niliuliza kuhusu mdogo wangu, kipa, aliyepigwa goti kichwani kwenye mechi ya mtaani huku Pasua, Moshi. Usiku macho makavu hadi saa tisa, mchana anasinzia na kijiko mkononi.

Tulimrudisha hospitali. Daktari akampima macho, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akampa maneno ya kukumbuka. Ni mtikisiko wa ubongo, na usingizi kuvurugika ni mojawapo ya dalili zake. Dawa ya usingizi hakumpa. Alichokazania ni saa ya kuamka: saa 12 na nusu kila siku, hata kama usingizi umemjia alfajiri. Mchana asilale zaidi ya dakika 30, simu ilale sebuleni, kahawa aache. Hapo kwenye kahawa mama alinuna. Sisi ni watu wa mlimani.

Kosa letu lilikuwa kumfungia chumbani gizani wiki nzima. Kumbe mapumziko ni siku 1 au 2 tu, tena bila kumfungia gizani, kisha aanze kutembea taratibu. Basi kila jioni tukawa tunaenda naye sokoni na kurudi. Kichwa kikimgonga zaidi, tunapunguza mwendo.

Usiku wa kumi na mbili nikamsikia anakoroma. Nilisimama mlangoni nacheka peke yangu.

Mpira bado. Anadaka ya kurushwa kwa mkono, bila kugongana na mtu, hadi daktari aruhusu. Kocha ananipigia kila Ijumaa. Sipokei.