Simu iliyotoka Marekani: nitajuaje kama haijafungiwa mtandao mmoja?

Swali: Assalaam alaykum. Nataka kununua iPhone iliyotumika Marekani kutoka kwa muuzaji wa hapa Mwembe Tayari. Nitahakikishaje, kabla ya kutoa pesa, kwamba haijafungiwa mtandao?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nenda na laini mbili, ya Safaricom na ya Airtel, uzitie kwa zamu na upige simu palepale dukani.

Jibu: Naongeza jambo moja. iPhone 14 na zilizofuata, zilizouzwa Marekani, hazina tundu la laini, kwa hiyo zitahitaji eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kutia. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, usome mstari wa kufungiwa mtandao. Ukionyesha kwamba hakuna vizuizi vya laini, simu hiyo iko huru.

Muulizaji: Ahsanteni. Hii ni 13, basi nitakwenda na laini zote mbili.